Malazi ya bei nafuu Unguja wakati wa Sauti za Busara

Swali: Msomaji kutoka Nakuru, Kenya, ameandika: "Mimi, mume wangu na wadogo zangu wawili wa kike tunataka kwenda Zanzibar mwezi wa Februari kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara. Hatujawahi kufika huko. Nimetafuta vyumba kwenye intaneti, na kila kilicho karibu na Ngome Kongwe, lilipo jukwaa kuu, kimetajwa kwa dola, tena dola nyingi. Uwezo wetu ni shilingi 10,000 za Kenya kwa usiku mmoja, kwa sote wanne. Je, tutafute mbali na mji? Na tuanze kutafuta lini?"

Jibu: Dada yangu, nianze na yale mawili uliyoyauliza. Msitafute mbali na mji, na muanze kutafuta wiki ile ile tarehe za tamasha zitakapotangazwa. Kiasi mlichonacho hakifikii hoteli za Shangani zinazotazama bahari, lakini kinaweza kutosha vyumba viwili katika nyumba ya wageni ya kawaida ndani ya Mji Mkongwe, ile sehemu ya zamani ya mji, au vitanda vinne katika hosteli, iwapo mtawahi na iwapo mtazungumza na wenye nyumba wenyewe badala ya kutegemea bei inayoonekana kwenye simu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwatafutia wageni malazi hapa Unguja, na kosa ninaloliona kila Februari ni moja: mgeni hulinganisha bei ya chumba hiki na bei ya chumba kile, akasahau kuhesabu gharama ya usiku mzima, yaani chumba pamoja na safari ya kukirudia saa saba za usiku, wakati muziki umekwisha na daladala zimekwishalala.

Ni vyema kwanza muelewe kwa nini bei hupanda kiasi hicho, kwa sababu ukiijua sababu utajua pia mahali pa kubana na mahali pa kuachia. Februari ni msimu wa kaskazi: jua ni kali, mvua ni chache, na watu wa Ulaya wanaokimbia baridi ya kwao wamejaa kisiwani hata kama pasingekuwa na tamasha. Juu ya wageni hao, tangu mwaka 2004, Sauti za Busara huleta wasanii na wapenzi wa muziki kutoka pande zote za Afrika, na wote hutaka kulala mahali ambapo wanaweza kutembea kwa miguu hadi jukwaani. Mji Mkongwe wenyewe ni mdogo, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo si mahali ambapo mtu anaweza kubomoa nyumba ya chokaa na mawe akajenga ghorofa kumi za vyumba. Wageni huongezeka, vitanda vinabaki vile vile. Ndiyo maana nyumba ambayo mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapomwagika, hukubali nusu ya bei bila maneno mengi, mwezi wa Februari haina haja ya kushawishiwa na mtu.

Kuhusu tarehe, naomba muwe waangalifu. Kwa kawaida tamasha huangukia mwisho wa juma mmoja wa Februari; mwaka 2025, kwa mfano, lilikuwa tarehe 14 hadi 16. Hata hivyo, hapa kwetu kalenda ya shughuli kubwa hutazama pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, na mwaka 2027 unatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Msinunue chochote kisichorudishwa kwa kukisia kwamba "mwaka jana ilikuwa wiki ya pili". Mkumbuke pia kwamba mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Subirini tangazo la waandaaji wenyewe, na katika tangazo hilo msitazame tarehe peke yake. Tazameni na majukwaa yatakuwa wapi. Kwa miaka mingi jukwaa kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, pale Forodhani, na maelezo yangu yote yanayofuata yanapima umbali kutoka hapo. Ikiwa mwaka mtakaokuja majukwaa yamewekwa kwingine, basi anzeni kupima kutoka huko, kwa sababu hesabu nzima itabadilika.

Sasa tuutazame mji. Mtaa wa Shangani na ukingo wa Forodhani ndio ghali kuliko yote, kwa sababu una bahari mbele na tamasha mlangoni. Hapo msipoteze muda. Lakini ipeni bahari mgongo, muingie ndani ya vichochoro, na kila kona mnayopita bei hushuka kidogo. Mitaa ya Kiponda, Mkunazini, Sokomuhogo, Kajificheni, na Malindi kwa upande wa bandarini, yote ina nyumba za wageni za kawaida, na kutoka yote hiyo mtafika Ngome Kongwe kwa miguu kwa dakika kumi au kumi na tano, hata mkipotea mara moja njiani, jambo ambalo bila shaka litawatokea. Hakuna haya katika kupotea Mji Mkongwe. Ulizeni wazee waliokaa barazani, na kwa kuwa mnasema Kiswahili hamtaelekezwa tu, huenda mkasindikizwa. Mitaa hii ndiyo ninayowashauri ninyi.

Ukivuka barabara ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari uliotenganisha pande mbili za mji, unaingia Ng'ambo: Michenzani yenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, Kisiwandui, Kikwajuni, Mlandege. Wageni wengi hawaijui Ng'ambo na tovuti za malazi huiweka nyuma, lakini mimi naipenda, na ninapopata mgeni anayesema Kiswahili humpeleka huko bila wasiwasi. Gesti zake ni za Watanzania wanaosafiri kwa shughuli zao, wafanyabiashara kutoka Pemba na Tanga na Dar es Salaam, kwa hiyo bei zake hutajwa kwa shilingi na hazitikisiki sana na tamasha. Kutoka Kisiwandui au Mlandege bado mtatembea, labda dakika ishirini na tano, na usiku bajaji ni safari fupi. Ikiwa Mji Mkongwe umejaa, basi Ng'ambo iwe chaguo lenu la pili.

Mbweni, Fuoni, Bububu na kwingine kwa umbali huo ni mahali pazuri pa kuishi, lakini kwa wiki ya tamasha nawasihi mfanye hesabu kwanza. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba umepata nyumba Bububu, karibu kilomita kumi kutoka mjini, kwa shilingi 130,000 za Tanzania kwa usiku kwa watu wanne, na nyumba ya Mkunazini inataka 170,000. Unaona umeokoa 40,000. Lakini mchana mtalipa daladala ya kwenda mjini, jioni hamtarudi kubadilisha nguo kwa sababu ni mbali, kwa hiyo mtakula na kunywa nje kuliko mlivyokusudia, na usiku wa manane mtatafuta teksi pamoja na mamia ya watu wengine wanaotafuta teksi hiyo hiyo. Dereva akisema 30,000, mtajadiliana naye kwa nguvu gani? Na mdogo wako mmoja akichoka saa nne za usiku akitaka kulala, ama nyote mtaondoka na kumwacha msanii mliyemfuata kutoka Nakuru, ama atarudi peke yake, jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu atakayelipenda. Nafuu ya 40,000 imekwisha, tena usiku wenyewe umeharibika. Kuhusu fukwe za Nungwi na Paje sina haja ya kusema mengi: ni zaidi ya saa moja kwa gari, na zina wiki yake nyingine.

Namna ya kutafuta ndiyo inayowapa ninyi faida ambayo mgeni kutoka Berlin au London hana. Tovuti kama Booking.com zitumieni kama orodha ya majina na picha, si kama duka. Mwenye nyumba anayeuza chumba kupitia tovuti ya namna hiyo hukatwa kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15, na ukimpigia simu mwenyewe ana nafasi ya kukugawia sehemu ya fedha hiyo bila yeye kupata hasara. Tafuteni jina la nyumba, tafuteni namba yake, kisha pigeni. Msiandike ujumbe kwanza, kwa sababu ujumbe hujibiwa kwa bei iliyoandikwa, ilhali sauti hujibiwa na mtu. Msalimieni vizuri, mseme mnatoka Kenya, mseme ni familia ya watu wanne na mnahitaji usiku ngapi, halafu muulize maneno haya haya: "Mna bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki?" Hoteli na nyumba nyingi za hapa zinayo, lakini haiandikwi mlangoni, na asiyeuliza hutozwa kama mtalii wa kutoka mbali. Bei wataje kwa shilingi. Na mkiweza kufika Alhamisi na kuondoka Jumatatu, semeni hivyo mapema, kwa sababu mwenye nyumba humpendelea anayekaa usiku nne kuliko anayetaka Ijumaa na Jumamosi tu, zile siku mbili ambazo angeziuza kwa yeyote.

Kuna jambo moja nililoliona kwa macho yangu ambalo ningependa mlichukue kama lilivyo. Katika nyumba nyingi ndogo za Mji Mkongwe nafasi huandikwa katika daftari la mistari, ukurasa mmoja kwa kila wiki, vyumba upande wa kushoto na siku juu. Mwaka mmoja nilisimama mezani kwa mwenye nyumba mmoja wa Kiponda, ambaye sitamtaja, nikiwa na wageni wawili waliotoka mbali na mabegi yao chini. Nilikuwa nimewawekea nafasi kwa simu miezi mitatu nyuma. Akafungua daftari, na nikaona majina yao yamefutwa kwa raba, alama zake bado zinasomeka, na juu yake limeandikwa jina jingine kwa wino wa buluu. Hakuona aibu hata kidogo. Aliniambia kwamba kalamu ya risasi ni ya aliyeuliza, na wino ni wa aliyelipa. Wageni wale walilala usiku wa kwanza sebuleni kwangu. Tangu siku hiyo sitoi ushauri wowote wa malazi ya tamasha bila kutaja arubuni, yaani malipo ya awali ya kushika chumba, maana katika wiki hiyo neno la mdomo, hata la mtu mwema, halishindani na fedha iliyowekwa mezani.

Kwa hiyo lipeni arubuni, lakini lipeni kwa tahadhari, kwa sababu wapo pia watu wanaouza vyumba visivyo vyao. Sehemu kama theluthi moja au nusu ya gharama inatosha. Anayetaka malipo yote miezi minne kabla, tena kwa haraka, muogopeni. Kabla ya kutuma kitu, ombeni picha ya leseni ya nyumba kutoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar, maana nyumba ya kulaza wageni inapaswa kuwa nayo, na mwenye nayo halali haoni tabu kuionyesha. M-Pesa ya Kenya inaweza kutuma fedha Tanzania, na jina la mpokeaji litakapojitokeza, lilinganisheni na jina lililo kwenye leseni au jina la mtu mliyezungumza naye. Likiwa jina lisilohusika kabisa, simameni hapo hapo. Baada ya kulipa, ombeni picha ya risiti yenye tarehe za kuingia na kutoka, namba ya vyumba, bei ya kila usiku, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki. Ombeni pia maneno kuhusu kitakachotokea iwapo tamasha litaahirishwa. Wiki moja kabla ya safari pigeni tena simu, mtaje majina yenu, na msikilize kama anayejibu anawakumbuka.

Katika mazungumzo ya bei, yapo mambo ambayo mgeni huyagundua akiwa amekwishafika. La kwanza ni tozo ya serikali inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku katika malazi ya Zanzibar. Mara nyingi haimo katika bei iliyotangazwa, na hudaiwa mezani wakati wa kuondoka. Watu wanne kwa usiku nne ni mara kumi na sita, kwa hiyo ulizeni kama imo ndani ya bei au nje. La pili ni staftahi. Nyumba nyingi hutoa mkate, mayai, matunda na chai juu ya paa, na kwa familia ya watu wanne chakula hicho cha asubuhi ni fedha halisi inayobaki mfukoni. La tatu ni joto. Februari usiku hauna upepo ndani ya vichochoro, na chumba kisicho na feni nzuri hakilaliki. Kiyoyozi ni cha hiari, feni na chandarua ni lazima, na muulize kama kuna jenereta umeme ukikatika na tangi la maji juu. La nne ni ngazi, ambazo katika nyumba za zamani zimesimama wima kama za minara, na chumba cha bei ya chini kwa kawaida ndicho cha juu kabisa. La tano, na hili wengi hulisahau kabisa, ni mlango. Nyumba za Mji Mkongwe hufunga lile lango lao kubwa la mbao usiku, na si kila nyumba ina mlinzi wa kufungua. Wakati wa tamasha mtarudi saa saba au saa nane, basi ulizeni waziwazi ni nani atakayewafungulia.

Niseme jambo moja kuhusu wewe na mume wako. Baadhi ya gesti, hasa za Ng'ambo, huwauliza mwanamume na mwanamke wanaotaka chumba kimoja waonyeshe cheti cha ndoa. Hawafanyi hivyo kwa kuwadharau wageni. Ndivyo nyumba za watu wanaojiheshimu zinavyoendeshwa hapa. Picha ya cheti kwenye simu itawaondolea maneno. Nyumba hizo hizo nyingi haziruhusu pombe ndani, na mkiwa kwenye vichochoro kati ya nyumba na jukwaa mavazi ya stara yatawafanya mpokelewe kwa moyo mweupe.

Ikiwa mtapendelea kupanga nyumba nzima yenye jiko badala ya vyumba, kwa watu wanne inaweza kuwa nafuu, ila ulizeni nani anayelipa umeme. Hapa mita za kulipia kabla huitwa Tukuza, na nimewaona wageni waliokabidhiwa nyumba yenye kiyoyozi kila chumba na salio la umeme la kutosha saa mbili.

Katika bajeti ya malazi ingizeni pia usiku wa njiani, kwa sababu huo ndio unaowavuruga wengi wanaotoka Kenya kwa basi. Boti za mwendo wa kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili na huondoka kati ya asubuhi na alasiri. Basi lenu likichelewa mpakani, mtalala Dar, na chumba cha Unguja kitaendelea kuhesabiwa kikiwa kitupu. Pangeni tangu mwanzo kwamba usiku mmoja ni wa Dar, au mtazame ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi au Mombasa mapema, kisha mlinganishe jumla na jumla. Isitoshe, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wanaotoka nje ya nchi wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyotangazwa kwa dola 44 kwa mtu mzima; waulizeni shirika wenyewe kiwango kinachowahusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla hamjafunga hesabu zenu, kwa sababu mkizidisha mara nne mtaona kwamba ni fedha ya kulalia siku kadhaa.

Mtakapotoka kwenye boti pale Malindi, wekeni paspoti karibu, kwa kuwa hukaguliwa hapo hata kama mmekwishagongewa muhuri mpakani. Nje ya geti mtakutana na papasi, vijana wanaowadaka wageni na kuwapeleka kwenye nyumba zinazowalipa kwa kila kichwa. Wengine ni watu wazuri wanaotafuta riziki, lakini fedha wanayolipwa huongezwa kwenye bei yenu, na mmoja wao anaweza kuwaambia kwamba nyumba mliyoweka nafasi imefungwa au imeungua. Msibishane naye. Mwambieni mwenye nyumba, siku mbili kabla, amtume mtu wake aje getini na jina lenu kwenye karatasi. Wengi hufanya hivyo bure, na ikiwa mabegi ni mazito, hamali mwenye gari la mkono atayavuta hadi mlangoni kwa bei mtakayokubaliana kabla hajayapakia, kwa sababu huko ndani hakuna gari litakaloingia.

Na ikiwa barua hii imewafikia Januari na kila nyumba inasema imejaa, msikate tamaa wala msikimbilie Bububu. Wiki ya mwisho kabla ya tamasha ndipo waliofuta safari zao huacha vyumba wazi, na chumba kilichoachwa namna hiyo hakirudi kwenye tovuti mara moja. Hukaa siku moja au mbili katika lile daftari. Pigeni kila asubuhi kwa nyumba tano au sita za Mkunazini, Kiponda na Malindi, muulize kwa upole, na muwe na arubuni tayari kwenye simu.